Tupeane uzoefu: dawa za nyumbani na makunyanzi ya uso, kweli zinasaidia?

Mwangaluka wadau. Kila saluni hapa Mwanza na kila kundi la WhatsApp lina dawa yake ya makunyanzi: ute wa yai, asali, alovera, parachichi, limao, magadi. Aliyetumia mwenyewe, au aliyemwona wa kwao akitumia, atueleze. Wenye biashara zao tunaomba wasubiri.

Shangazi wa Nyakato: Ute wa yai naupaka nikiwa na sherehe. Ukikauka uso unavutika hadi kucheka ni kazi. Ukinawa, ngozi imekaza kweli na picha zinatoka vizuri. Jioni mistari ipo palepale. Kwangu huo ni wa shughuli, si tiba.

Muuza dagaa, Igombe: Mdogo wangu aliambiwa limao linanyoosha uso. Akapaka asubuhi, akaja kugeuza dagaa mchangani jua likiwa utosini. Baadaye shavu likaiva, likatoa malengelenge kufuata pale maji ya limao yalipochuruzika mpaka shingoni. Yalipopona yakaacha michirizi myeusi, na ilikaa miezi. Jamani, msiwape watu ushauri huu!

Mfamasia, Igoma: Pole kwa mdogo wako, dada. Limao lina kemikali zinazoamshwa na miale ya jua, ndizo zilizomuunguza. Magadi nayo muyaache jikoni: ngozi ya uso ina asidi kidogo, magadi yanaivuruga na kuikausha, na ngozi kavu ndiyo inaonyesha mikunjo zaidi. Asali, alovera na mafuta ya nazi nayatetea. Yanashika unyevu, vimistari vidogo vinafifia kwa saa kadhaa. Ila kunyanzi lenyewe liko ndani, kwenye kolajeni, zile nyuzi zinazoikaza ngozi, iliyoharibiwa na jua, na parachichi halifiki huko.

Mkwe wa Ukerewe: Hapo kwenye jua nakuunga mkono. Mama mkwe wangu amepaka mafuta ya nazi tangu usichana, ngozi yake laini kabisa, na makunyanzi anayo. Lakini akivua kilemba, ile sehemu ya juu ya paji inayofunikwa siku zote ni nyororo kama ya binti.

Dereva, Mwanza–Musoma: Mimi shavu la kulia, upande wa dirisha, limekunjamana kuliko la kushoto. Na kioo nafunga! Ni jua hilohilo?

Mfamasia, Igoma: Ndilo, kaka. Miale inayozeesha ngozi inapenya kioo cha kawaida. Kule Nambour, Australia, watu zaidi ya 900 walifuatiliwa miaka minne na nusu, matokeo yakatoka 2013: waliopaka losheni ya kukinga jua kila siku, ngozi zao zilizeeka polepole kuliko za waliopaka wanapojisikia. Kwa makunyanzi yaliyokwisha kuingia kuna tretinoini, dawa ya kupaka ya kuandikiwa na daktari, na mjamzito asiiguse.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Mimi asali nitaendelea nayo kwa ulaini wake, limao hapana. Na mkorogo wa kujichubua msiulete hapa kabisa: mwingi una zebaki au steroidi, na steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba. Sasa naomba anayejua duka la dawa mjini lenye losheni ya jua kwa bei ya mama wa dagaa aandike bei. Ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, ni ya ndugu zetu wenye ualbino, hiyo tuwaachie.