Simu kukwama H+ baada ya kupiga: mafundi, acheni kuflashi simu za watu!

Wakuu, hili limezidi. Mtu anaongea na simu dakika mbili, akikata anakuta 4G imepotea, imebaki H+ (yaani 3G) au E (yaani 2G), na hairudi. Huduma kwa wateja wanamwambia "zima uwashe". Fundi anamwambia programu imechoka: simu inaflashiwa (programu inafutwa na kuwekwa upya), picha zinapotea, hela inaliwa, na simu ya kwanza tu akipiga tatizo ni lile lile.

Lazima liwe lile lile. 4G ilijengwa kubeba data. Simu isiyo na VoLTE (kupiga simu kupitia 4G yenyewe), au ambayo VoLTE yake haitambuliwi na mtandao, ikipiga au kupigiwa hushuka 3G au 2G ndipo sauti ipite. Ukikata, mnara unatakiwa kuirudisha 4G. Mnara usipopangiliwa hivyo, simu hubaki huko chini mpaka itulie ndipo itafute yenyewe, na WhatsApp na YouTube zikiendelea kuvuta data haitulii. Ndiyo maana ukizima data sekunde 20 ukaiwasha, 4G mara nyingi inarudi. Kuflashi kunaingiaje hapo? Tena flashi mbovu inafuta IMEI (namba ya utambulisho wa simu), simu inakosa mtandao kabisa!

Anzeni na VoLTE. Ingia Mipangilio, sehemu ya laini za simu, iwashe, kisha piga huku ukitazama alama juu ya kioo. Ikibaki 4G mkiwa mnaongea, umemaliza. Swichi isipoonekana, mara nyingi simu ilitengenezewa mtandao wa nchi nyingine. Aina ya mtandao iwe 4G/3G/2G otomatiki. Wanaoingia *#*#4636#*#* na kuchagua LTE (yaani 4G) pekee wakati hawana VoLTE, msishangae mkiwa hampatikani.

Bado? Badilishaneni laini na mwenzako, mahali palepale. Tatizo likihama na laini, kaibadilishe. Laini za kale za 2G haziingii 4G hata ufanyeje. Likibaki kwenye simu, kagua masafa, yaani bendi za mawimbi ambazo simu inaweza kushika. Zikikwama simu zote, ni mnara.

Na kwenye masafa ndipo wauzaji wa simu za mtumba wanapotuumiza. Simu inashika 4G vizuri mjini kwenye 1800 MHz, yaani bendi 3, halafu kijijini ambako mnara unarusha 800 MHz, bendi 20, inaangukia E. Masafa ya chini hufika mbali zaidi, kwa hiyo ndiyo yanayotegemewa huko. Kama simu haina bendi hiyo, hakuna mpangilio utakaoileta. Muuzaji aseme namba kamili ya modeli kabla hajapokea hela, siyo "ni 4G, bosi". Jina moja la simu huwa na modeli kadhaa, kila moja na bendi zake.

Inayorukaruka 4G na 3G bila hata kupiga, soma dBm (kipimo cha nguvu ya mtandao) kwenye Mipangilio, sehemu ya hali ya SIM. Kwenye 4G, -90 ni nzuri. Ikishuka chini ya -115, mfano -120, uko mbali na mnara au kuta zinazuia.

Makampuni ya simu, rekebisheni minara irudishe simu 4G, na mfungulie modeli zaidi VoLTE. Wenye tatizo wekeni hapa modeli, mtandao, wilaya na dBm kabla na baada ya kupiga, tuone ni minara ipi.