Ana WPW (njia ya ziada ya umeme moyoni) na alishazimia: akichomwa njia hiyo, ataishia kuwekewa betri ya moyo (pacemaker)?

tabibu_wa_zamu

Habari za kazi wakuu. Naomba mawazo ya wanaoshughulika na umeme wa moyo.

Mgonjwa ni dada wa miaka 24, hana presha wala kisukari. Tangu akiwa sekondari mapigo humwenda mbio ghafla na kukata ghafla. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) aliyopigwa wakati wa tukio: QRS (alama ya pigo la ventrikali, vyumba vya chini vya moyo) nyembamba, mpangilio sawasawa, 210 kwa dakika. Akiwa ametulia: PR (muda wa umeme kutoka atiria, vyumba vya juu, hadi ventrikali) milisekunde 100, wimbi la delta (mwanzo wa QRS uliolala, alama ya njia ya ziada) liko wazi, limepanda kwenye V1 na limeshuka kwenye aVL, mbili kati ya pande za ECG. Anameza bisoprololi (dawa ya kupunguza kasi ya mapigo) 5 mg kila asubuhi. Mwezi uliopita alizimia. Nesi aliyempima mkononi aliandika "mapigo ya kasi sana, hayana mpangilio", yakatulia yenyewe kabla ECG haijapigwa.

Wodini tuna dawa mbili za kukata mapigo ya mbio, adenosini na verapamili. Akirudi tuanze na ipi? Rufaa ya kwenda kuchomwa ina haraka, au dawa zinatosha? Familia inasita kwa sababu wameambiwa kuchomwa moyo mwisho wake ni betri. Na yeye mwenyewe anataka kubeba mimba mwaka huu.

njia_ya_kent

Tabibu, katika yote uliyoandika, zito ni hilo la kuzimia na mapigo yasiyo na mpangilio.

Matukio yake ya kawaida ni umeme unaozunguka: unashuka kwa nodi ya AV (lango la kawaida la umeme kati ya atiria na ventrikali), unapanda kwa njia ya ziada. Ndiyo maana QRS ni nyembamba. Yanasumbua ila kwa kawaida hayaui. Hatari inakuja pale atiria zinapotetemeka ovyo (AF). Nodi ya AV huchuja umeme huo, njia ya ziada haichuji kama nodi, inaweza kuuachia mwingi ushuke. Ventrikali zikifuata mwendo huo zinaweza kuishia kwenye mtetemo wa kuua. Kwenye ECG utaona QRS pana, zenye upana unaobadilika pigo hadi pigo, mpangilio hakuna, na kasi mara nyingi inapita 200. Pima nafasi fupi kabisa kati ya QRS mbili pana. Ikiwa milisekunde 250 au chini, yaani miraba midogo sita na robo kwa karatasi ya 25 mm/s, njia hiyo ni ya hatari.

Kwa hiyo akirudi, ECG ya waya 12 kwanza, dawa baadaye. Kabla hujashika sindano, angalia mambo mawili: upana wa QRS na mpangilio wake.

Ikiwa nyembamba na sawasawa, anza na kupuliza. Mlaze nusu ameketi, apulize bomba la sindano la 10 ml kwa nguvu ya kutosha kusogeza pistoni, sekunde 15. Akiacha tu, mlaze chali na msaidizi amnyanyue miguu hadi nyuzi 45 kwa sekunde 15 nyingine. Hiyo miguu si pambo: katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015, mapigo yalirudi kwa asilimia 43 ya walionyanyuliwa miguu, dhidi ya 17 kwa waliopuliza tu. Ikishindikana, adenosini 6 mg, kisha 12 mg. Kanula iwe kubwa na kwenye kiwiko, dawa isukumwe kwa mkupuo, nyuma yake 20 ml za maji ya chumvi papo hapo, mkono ukiwa juu. Ikipita kanula ya kiganjani inavunjwavunjwa kwenye damu kabla haijafika kwenye moyo, halafu watu wanasema dawa haifanyi kazi. Muulize kama ana pumu. Mashine ya shoti iwe imewashwa pembeni, kwa sababu adenosini yenyewe inaweza kuanzisha AF, na kwa mgonjwa huyu AF ndiyo tunayoiogopa.

Ikiwa pana na haina mpangilio, usimpe adenosini, verapamili, digoksini wala amiodaroni ya mshipa. Dawa hizi zinaweza kufunga nodi na kuiacha njia ya ziada itawale, na presha ikianguka hali inazidi kuharibika. Mpe usingizi mfupi, piga shoti iliyosawazishwa na QRS, joule 120 hadi 200. Kumbuka mashine nyingi zinafuta usawazishaji baada ya kila shoti, kwa hiyo bonyeza tena kabla ya ya pili. Prokainamidi inafaa ikiwa presha iko imara na dawa ipo. Usipoteze muda kuitafuta.

Bisoprololi haizuii njia ya ziada kupitisha AF. Aliyezimia namna hii anahitaji rufaa ya haraka. Andika kwa herufi kubwa kwenye faili lake: ANA WPW, ASIPEWE VERAPAMILI WALA DIGOKSINI.

mama_kathilabu

Nijibu hofu ya familia, maana ni hofu ya haki na ina jibu.

Betri huhitajika ikiwa nodi ya AV au kifungu cha His (nyuzi zinazoshusha umeme kutoka kwenye nodi) kimeungua. Kwa hiyo swali ni njia ya ziada ipo umbali gani kutoka hapo. Delta iliyopanda V1 na kushuka aVL inaelekeza ukuta wa kushoto wa pembeni, mbali kabisa na nodi. Kwa njia ya mahali hapo uwezekano wa kuishia na betri ni mdogo mno. Ingekuwa karibu na His tungezungumza lugha nyingine: hapo tunapendelea kugandisha, kwa sababu ukipoza hadi karibu nyuzi 30 chini ya sifuri na ukaona nodi inadhurika, unaacha na umeme unarudi. Joto halikupi nafasi hiyo.

Kazi yenyewe: waya zinapita kwenye mshipa wa kinena hadi ndani ya moyo, tunachochea mapigo, tunatafuta mahali ambapo umeme wa atiria na wa ventrikali umekaribiana kabisa, tunachoma hapo kwa sekunde 30 hadi 60. Mahali pakiwa sahihi delta hupotea ndani ya sekunde chache, unaiona skrini ikibadilika mbele yako. Kwa upande wa kushoto tunatoboa ukuta kati ya atiria mbili au tunapita kwenye ateri, hivyo heparini ni lazima ili damu isigande na kwenda ubongoni. Mafanikio kwa njia za namna hii yanazidi asilimia 90. Hatari za kuwaeleza bila kuficha: uvimbe wa damu kinenani, damu kuvuja kwenye mfuko wa moyo, kiharusi. Hizo mbili za mwisho ni nadra.

Kuhusu mimba, achomwe kwanza. Ujauzito huweza kuongeza matukio, na hakuna anayependa kutumia mionzi au shoti mama akiwa na mtoto tumboni.

Kwenye rufaa weka ECG zote mbili halisi, si picha ya simu iliyopinda, na ekokadiografia (eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Bisoprololi husimamishwa siku tatu hivi kabla, ila subiri maelekezo ya kituo kinachompokea.

tabibu_wa_zamu

Asante sana wakuu. Faili nimeshaliandika. Akirudi baada ya kuchomwa, sisi huku tuangalie nini? Na ikitokea amewekewa betri?

mama_kathilabu

Siku ya kwanza kinena: alale chali saa 4 hadi 6, na kikivimba bonyeza kwa vidole juu kidogo ya tundu, si kurundika bandeji. Presha ikishuka, mishipa ya shingo ikijaa, kifua kikibana, fikiria damu kwenye mfuko wa moyo na piga eko papo hapo.

Betri nayo, mkono wa upande huo usipite bega kwa wiki 4 hadi 6, maana waya unaweza kuchomoka. Ukichomoka utaona vijiti vya umeme kwenye ECG visivyofuatwa na QRS. Kidonda kikiwa chekundu au kikitoa maji, usitoboe uvimbe kwa sindano, utaingiza vijidudu kwenye kifaa. Mrudishe.

Kwa huyu dada, piga ECG akija kliniki. Delta isiwepo. Mapigo ya kuruka moja moja wiki za mwanzo hayamaanishi imeshindikana. Delta ikirudi, hata kama hana dalili, mtutumie hiyo ECG, kwani njia inayorejea kwa kawaida huchomwa tena.

njia_ya_kent

Nyongeza moja: pedi za shoti kwa mwenye betri ziwekwe angalau sentimita 8 kutoka kwenye kifaa, kisha kipimwe baadaye.