Damu ya hedhi hurudi nyuma kwa wengi, mbona endometriosisi huota kwa wachache?

Mwanafunzi_Uuguzi: Wakuu, tumefundishwa nadharia ya daktari Sampson ya 1927 kuhusu chanzo cha endometriosisi: damu ya hedhi hupanda mirija ya uzazi, humwagikia tumboni, na seli za ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunata na kuota huko, nje ya mahali pake. Lakini damu kurudi nyuma huwapata hadi asilimia 90 ya wanawake, ilhali wagonjwa ni kama asilimia 10. Tofauti iko wapi?

Tishu_na_Homoni: Anza na ukuta wenyewe kabla haujatoka. Kila mwezi hujengwa, kisha hubomolewa. Wabomoaji ni vimeng'enya vya MMP, vinavyokata kolajeni na nyuzi nyingine zinazoshikilia seli. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni huvizuia. Ikishuka mwishoni mwa mzunguko, vinaachiwa na tabaka la juu linamomonyoka. Kwa wagonjwa wengi ukuta huu hauitikii projesteroni ipasavyo, kwa sehemu kwa sababu vipokezi vya homoni hiyo (protini za seli zinazoipokea), hasa aina B, ni pungufu. MMP-3 na MMP-7 hubaki juu wakati zilipaswa kunyamazishwa. Kwa hiyo kipande kinachofika tumboni kinakuja na makali yake: kinakata utando wa tumbo, kinajichimbia, kisha kinavuta mishipa ya damu.

Mtu_wa_Maabara: Kuna jaribio la 1997 linalounga mkono hoja hiyo. Ukuta wa mji wa mimba wa binadamu ulipandikizwa kwa panya wasio na kinga kamili. Uliolelewa na homoni ya estrojeni uliota. Ulipotangulizwa projesteroni, au MMP zilipozuiwa kwa TIMP-1 (protini inayozizuia), uotaji ulidhibitiwa. Ila tusiruke: panya hawa hawana kinga kamili ya kufagia vipande, na kinga nayo ina sehemu yake kwa binadamu.

Mwanafunzi_Uuguzi: Basi kwa nini tusiwape wagonjwa dawa ya kuzuia MMP?

Tishu_na_Homoni: Kwa sababu MMP hizohizo hufunga vidonda na kutengeneza tishu mwili mzima. Tunapitia homoni, kwa dawa zinazoiga projesteroni: kidonge cha dienojesti miligramu 2 kila siku bila kukatisha, au kitanzi cha levonojestreli cha miligramu 52 kinachowekwa ndani ya mji wa mimba. Mgonjwa asipopata nafuu, usimwambie anajifanya. Tishu isiyosikia projesteroni yake yenyewe inaweza isiisikie ya kidonge pia. Na altrasaundi safi haiondoi ugonjwa. Madoa ya juujuu kwenye utando wa tumbo kwa kawaida haiyaoni.