Magugu ya nyumbani Muheza: tupalilie wakati huu wa jua kali au tusubiri masika?

Mjukuu wa Muheza ameuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Nyumba ya wazazi wetu iko Muheza, nje kidogo ya mji, katika eneo lisilozidi ekari moja. Mbele kuna uwanja wa udongo mtupu ambao mama huufagia kila asubuhi, ubavuni kuna michungwa ya siku nyingi pamoja na minazi michache, na nyuma, karibu na kisima, ipo bustani ya mboga ambamo hupandwa mchicha, bamia, nyanya chungu na biringanya. Tangu mvua za vuli zilipokatika, ardhi imekauka na kupasuka, lakini magugu bado yapo. Bustanini imetawala ndago, ambayo ikikatwa leo, baada ya siku chache imeshatoa majani mapya. Pembeni mwa kisima, mahali ambapo maji humwagika, kongwa imetambaa na kufunika njia. Chini ya michungwa kuna kishona nguo kilichokwisha kukomaa, na uwanjani imejitokeza mbigili, kiasi kwamba watoto hawawezi kucheza peku.

Kijana anayetusaidia kazi anasema kwamba kupalilia kiangazi ni kujichosha bure, na kwamba ni afadhali tusubiri mvua za kwanza za mwezi wa tatu ili udongo ulainike. Jirani yetu anashauri tupige dawa eneo zima, tupumzike. Mama naye anataka palimwe pote kwa jembe, hadi mashinani mwa michungwa, ili mgeni akiingia ajue kwamba nyumba hiyo ina watu. Mimi ninakaa Dar es Salaam na huenda Muheza mara chache, kwa hiyo ninahitaji kujua ni kazi ipi ifanywe sasa, ipi isubiri, na ipi isifanywe kabisa.

Babu Jembe amejibu:

Marahaba, mjukuu wangu. Mimi niko Korogwe, si mbali na kwenu, na ndago hiyo ninaifahamu vizuri.

Kijana wenu amekosea kuhusu ndago, ingawa ninaelewa kwa nini anasema hivyo, kwa kuwa kulima ardhi ngumu kunaumiza mgongo. Mpe jembe achimbue tuta moja hadi kina cha kiganja, halafu ulivunje bonge la udongo kwa mikono yako. Utaona viazi vidogo vyeusi, vingine vikubwa kama punje ya karanga, vimeunganishwa kwa mizizi myembamba na migumu mfano wa waya, kimoja baada ya kingine. Ukivuta jani kwa nguvu, jani hukatika na mnyororo ule hubaki chini. Kila kiazi kina macho kadhaa, na jicho la juu likikatwa, lingine huamka. Ndiyo maana wanaopalilia ndago kwa kuikata juu juu huiona imeongezeka badala ya kupungua.

Udhaifu wa viazi hivyo ni kwamba haviwezi kuvumilia kukauka. Vikiwa ardhini vinaweza kukaa miaka vikisubiri nafasi, lakini vikitolewa juu, vikatenganishwa na mizizi yake na kuachwa katika jua kavu kwa wiki moja au mbili, vingi hufa. Ukipalilia wakati wa mvua unakuwa umevikata vipande na kuvipandikiza upya katika udongo wenye unyevu. Kwa hiyo mwezi wa kwanza na wa pili ndio wakati wenyewe wa kuishughulikia, mradi ile sehemu ya bustani isimwagiliwe maji hata kidogo. Wengi hushindwa hapo, kwa sababu huchimbua asubuhi na jioni humwagilia mchicha ulio jirani, maji yakatiririka hadi kwenye viazi vilivyoanza kukauka.

Mabonge yasiachwe mazima, kwani kiazi kilicho katikati ya bonge hukingwa na jua. Baada ya siku kadhaa kijana arudi ayavunje, ageuze udongo, kisha apitishe reki na kuviokota vile vinavyoonekana. Ukitaka kuhakikisha, chukua vichache uvivunje kwa kucha: kilicho hai ni cheupe na kina majimaji ndani, na kilichokufa kimekuwa cha kahawia na kinapukutika. Msijaribu bustani nzima kwa mara moja. Gawanyeni ngwe ndogo, mmalize moja kabla ya kuanza nyingine, na mboga za kula ziendelee katika ngwe iliyobaki.

Kuhusu mama, mpe heshima yake, alime.

Fundi Michungwa amejibu:

Ninamuunga mkono Babu Jembe kuhusu bustani, lakini hilo neno lake la mwisho, kwa heshima zote, silikubali, kwa sababu chini ya michungwa jembe halitakiwi kabisa.

Mizizi ya mchungwa inayofyonza maji na chakula haikai mbali chini. Sehemu yake kubwa imo katika udongo wa juu, na imesambaa hadi kwenye ukomo wa matawi na kupita. Mkilima hapo kiangazi, mtaikata mizizi hiyo wakati ambao mti tayari una upungufu wa maji, na matokeo yake ni majani kujikunja na matunda machanga kudondoka. Isitoshe, jembe likilijeruhi shina karibu na ardhi, mmefungua mlango wa ugonjwa wa kuoza kwa shina, ule unaoanza kwa mti kutoa utomvu kama gundi kwenye gome. Hapo chini tumieni fyekeo tu. Majani yaliyofyekwa yatandazwe kuzunguka mti yawe matandazo, lakini yaachwe umbali wa hatua moja kutoka shinani, kwa kuwa unyevu unaogusa gome huleta ugonjwa huohuo.

Kishona nguo ni suala la peke yake, kwani mnasema kimekwisha kukomaa. Kukifyeka na kukitandaza ni kuwapandia mbegu msimu ujao, na mche mmoja hutoa mbegu kwa maelfu. King'olewe kwa mkono asubuhi na mapema, wakati bado kuna umande na mbegu hazijawa nyepesi kunata kwenye nguo, kiwekwe moja kwa moja kwenye gunia na kuchomwa mahali palipo wazi, mbali na nyasi kavu na paa la makuti. Mwakani kishughulikiwe kabla hakijatoa maua, na kazi yake itakuwa ndogo sana.

Jirani yako naye asikilizwe kwa uangalifu. Kiuagugu chenye glaifoseti huingia kupitia majani mabichi yanayokua na kushuka hadi mizizini. Kwa hiyo gugu lililonyauka kwa jua, tena lenye vumbi kwenye majani, hupokea dawa kidogo sana, na fedha yenu itakuwa imemwagwa. Kama mtalazimika kuitumia kwenye ndago, basi iwe baada ya mvua kunyesha na majani kuwa mengi, kabla ya kutoa maua, na pasiwe na upepo. Dawa hiyo isiguse majani ya mchungwa wala gome la mche mchanga ambalo bado ni la kijani, kwani hupenya hapo pia. Karibu na kisima isipigwe kamwe, wala pampu isioshewe hapo.

Mama Kisamvu amejibu:

Mwanangu, kwenye mbigili usisubiri mtu. Ina mzizi mmoja unaoshuka wima, hivyo ukiingiza ncha ya panga chini ya kichwa chake na kuinua, inatoka yote na kulala kama mkeka. Tatizo lake ni ile miiba, ambayo ndiyo matunda yenyewe yenye mbegu. Baada ya kuing'oa, pitisheni gunia la zamani lililolowa juu ya uwanja, miiba itanasa humo, kisha gunia hilo lichomwe.

Ninakuomba pia, kabla kijana hajasafisha kila kitu, umpeleke mama akamwonyeshe mchunga. Ni kweli kwamba nao huenea chini kwa chini na mkulima wa mahindi huuchukia, lakini katika nyumba zetu za Tanga mchunga uliopikwa kwa nazi ni mboga, na kiangazi ndipo mboga nyingine zinapoadimika. Sisi huuachia kona yake kando ya ukuta na kuuchuma mara kwa mara, na kwa kuchumwa hivyo hauendi mbali. Mnavu nao using'olewe ovyo.

Tena kijana asifanyishwe kazi juani mchana. Aanze saa kumi na mbili asubuhi, saa nne aache, na kama kuna kazi iliyobaki arudi saa kumi jioni. Mkimpa kwa ngwe badala ya kwa siku, yeye mwenyewe atajipangia hivyo.

Mjukuu wa Muheza ameandika:

Nimewaelewa, na nimezungumza na mama kwa simu. Kuhusu mchunga amecheka na kusema kwamba kona yake ipo tangu zamani. Kuhusu michungwa bado hajaridhika, kwa kuwa anaona nyasi zilizotandazwa ni uchafu na maficho ya nyoka.

Yamebaki mambo mawili. Kongwa iliyo kisimani nimeambiwa hung'olewa ikaota tena pale pale ilipotupwa. Na je, ngwe za bustani zilizochimbuliwa zikaachwa wazi hadi masika, mvua kubwa ya kwanza haitaondoka na udongo? Bustani ina mteremko kidogo kuelekea barabarani. Kuna aliyenishauri tufunike kwa plastiki nyeusi.

Mwenye Kisima amejibu:

Salamu kutoka Kwale. Hali yetu ya hewa haitofautiani sana na yenu, na bustani yangu pia iko kando ya kisima.

Plastiki nyeusi huzuia magugu mengi, lakini si ndago, kwa sababu chipukizi lake lina ncha kali ambayo huitoboa plastiki nyembamba na kutokea juu. Badala yake, funikeni kwa mmea. Ndago hushindwa na kivuli kuliko inavyoshindwa na jembe, na viazi vitamu ni miongoni mwa mimea inayofunga ardhi upesi. Ngwe iliyokaushwa vizuri ipandwe marando, yaani vipande vya mashina ya viazi hivyo, mara mvua zinapoanza, yakaribiane kuliko ilivyo kawaida, na ipaliliwe mapema kabla majani hayajakutana. Baada ya hapo marando yenyewe yatafanya kazi. Viazi vitamu vingine mtavikuta vimetobolewa na ndago iliyosalia. Mahali ambapo hamhitaji viazi, kunde zitafaa, kwani nazo hutambaa na majani yake ni mboga. Matuta ya viazi yakatishe mteremko, yasishuke nao, ndipo udongo utakapobaki.

Kongwa ni kweli inaota kila kifundo cha shina kinapogusa udongo wenye unyevu, na ile yenye majani mapana hutoa hata maua na mbegu chini ya ardhi, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwa hiyo iinuliwe pamoja na mizizi yake na itandazwe juu ya mawe au juu ya bati kuukuu hadi iwe kavu ya kuvunjika. Mbuzi na sungura huila vizuri ikiwa mbichi, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote kama jirani anafuga. Lakini chanzo chake hapo ni maji yanayomwagika. Wekeni kokoto mahali ndoo zinapotuliwa, na chimbeni mfereji mdogo unaoyapeleka maji hayo kwenye shina la mgomba, kongwa itakosa riziki.

Ninaongeza jambo ambalo halikuulizwa: mboga mnazoendelea kumwagilia kiangazi hiki zisipandwe juu ya matuta. Matuta ni ya masika, maji yanapozidi. Sasa hivi tengenezeni vitalu vilivyozama kidogo kuliko usawa wa ardhi, vyenye kingo, ili ndoo moja ya maji ibaki pale ilipomwagwa. Samadi mtakayoweka iwe imeoza kabisa, kwa sababu ile mbichi huja na mbegu za magugu yaliyoliwa na mifugo, na viazi vya ndago visitupwe katika shimo la mboji hata kama vinaonekana vimekufa.

Fundi Michungwa amejibu:

Hofu ya mama kuhusu nyoka ina msingi, na inaweza kutatuliwa bila jembe. Kuzunguka nyumba yenyewe, kwa upana wa hatua nne au tano, pabaki peupe pakifagiliwa kama anavyopenda, na marundo ya kuni, matofali na vifuu vya nazi yasogezwe mbali na milango. Matandazo yaanzie baada ya hapo na yasizidi unene wa kiganja. Kilichozidi kiende kwenye migomba. Matawi ya michungwa yanayogusa ardhi yapunguzwe, ili mtu aliyesimama uwanjani aweze kuona hadi upande wa pili. Nimeona kwamba wazazi wetu wengi wanachotaka ni kuona mbali tu, na wakishaona, hawaulizi tena kuhusu nyasi.

Babu Jembe amejibu:

Kuhusu michungwa nimekubali. Fundi anajua miti kuliko mimi. Mjukuu wangu, marando usiyatafute mvua zikishaanza, maana wakati huo kila mtu anayataka. Kama kuna bonde karibu nanyi ambapo watu hulima viazi kiangazi, ongea nao sasa, au chukua marando machache uyapande kando ya ule mfereji wa kisimani, yatakuwa yameongezeka ifikapo mwezi wa tatu.