Naomba ushauri: kiwiko kinaachia pengo na goti linakunjika kinyume

Mchoraji_Tanga
Wanajukwaa, habari zenu. Ninatengeneza katuni ya sekunde 30 kuhusu matumizi ya chandarua, yenye mama aliyejifunga kanga akitembea huku amemshika mtoto mkono, pamoja na babu aliyevaa kanzu. Nimewachora kwenye Illustrator (programu ya kuchorea), kila kiungo kwa leya yake, yaani tabaka lake la mchoro, kisha nikawafunga mifupa ya kuwaendesha ndani ya After Effects (programu ya kuhuisha picha) kwa kutumia Duik, nyongeza yake ya kazi hiyo. Mama akikunja mkono, pengo linatokea kwenye kiwiko. Na babu akipiga hatua, goti lake linakunjika kinyume kama la korongo. Rigi, yaani mfumo huo wa mifupa, nimeirudia mara 3. Je, nihamie Blender, programu nyingine ya katuni?

Fundi_Leya
Usihame, ndugu yangu, kwani kosa limo kwenye mchoro na litakufuata huko. Mwisho wa mkono wa juu na mwanzo wa mkono wa chini vichore kama duara mbili za kipenyo kimoja zinazolaliana, kisha nukta ya mzunguko ya mkono wa chini uiweke katikati kabisa ya duara. Hapo mkono utazunguka upendavyo bila pengo. Mstari wa pembeni usiupitishe juu ya maungio ya kiwiko. Kuhusu goti, nahisi mguu umeuchora umenyooka kama fimbo, na programu haina namna ya kujua ukunjwe upande gani. Ukunje kidogo tangu kwenye mchoro. Goti likishtuka katikati ya hatua, shusha nyonga kidogo, kwa sababu mguu umevutwa hadi mwisho wa urefu wake.

Bibi_Fremu
Mimi nauliza jambo jingine: babu wa kanzu magoti ni ya nini? Yafute. Acha nyayo mbili chini ya pindo, na pindo lenyewe ulitie pini (nukta za kuvutia mchoro ndani ya programu) nne au tano zinazofuata nyayo hizo. Kwa mwendo wa kawaida, fremu 12 (picha mojamoja za katuni) kwa kila hatua, katika fremu 24 za sekunde, zinatosha. Mzee mwongezee hadi 16 au zaidi. Kanga ya mama ifanye vivyo hivyo.

Fundi_Leya
Nakubali kuhusu kanzu, ila kanga ina maandishi, na pini zitayavuta hadi yasisomeke. Eneo la jina litie pini za kukaza, zinazozuia mchoro usipinde, au liwe leya ya peke yake.

Mchoraji_Tanga
Nawashukuru sana. Magoti ya babu nimeyafuta na kiwiko kimekaa. Jina la kanga linasomeka, ingawa nililazimika kulipandisha juu ya pindo. Sasa kiganja cha mtoto kinateleza kutoka kwenye mkono wa mama kila anapopiga hatua.

Bibi_Fremu
Kidhibiti cha kiganja cha mtoto, yaani alama unayoiburuta kukisogeza, kifunge kwenye kiganja cha mama, si kwenye kiwiliwili cha mtoto. Mama akiinua mkono, wa mtoto utafuata wenyewe.