Lundo la taka za soko linanuka na halipati joto, tunakosea wapi?

kipanga_dsm: Wakuu, kikundi chetu hapa Dar kinapokea kama tani moja ya taka za soko kwa siku: kabichi, nyanya, maganda ya ndizi. Tunatengeneza mboji. Lundo lina siku 9, linanuka yai viza, nzi kibao, katikati baridi. Tumechanganya unga wa mbao kiasi. Kuna mtu kashauri tumwagie dawa ya harufu.

Beleshi: Dawa ya nini? Yai viza maana yake hewa haifiki ndani. Kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, ikilainika inashikamana na kuziba kila tundu, na unga wa mbao unazidi kushindilia. Fumueni lote. Chini tandazeni mabua ya mahindi sentimita 20, kisha ndoo 1 ya taka mbichi kwa ndoo 2 za majani makavu. Pumba za mpunga zinapitisha hewa vizuri ila haziozi upesi. Upana mita 2, kimo mita 1.2 hadi 1.5, chini ya mita moja joto linatoroka.

Maji mpime kwa mkono: kamata konzi, kamua. Tone moja mawili, sawa. Yakichuruzika, ongezeni kavu.

mama_mchicha: Chomekeni nondo hadi kitovuni, dakika 10, mchomoe. Ikishikika bila shida, joto bado halijatosha. Lengo ni nyuzi 55 hadi 65 kwa siku 15, mkipindua mara 5, ya nje iingie ndani. Hapo ndipo mbegu za magugu na vimelea vinakufa. Harufu ikigeuka ya mkojo, naitrojeni ya taka mbichi imezidi: ongezeni kavu tena. Maji meusi yanayovuja rudishieni lundo changa tu, msiguse lililoiva.

kipanga_dsm: Asanteni. Chupa na betri tunachambua tukishashusha.

Beleshi: Mmechelewa. Chambueni sokoni, kabla guta halijapakiwa. Chupa ikipasukia kwenye nyanya, hata chekeche ya milimita 10 haikamati vipande vidogo, na mkulima akikatwa kidole mara moja harudi kununua.

Halafu msitegemee bei ya mfuko peke yake. Tani moja ya taka inabaki robo hivi au theluthi. Hesabuni safari za lori kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi mlizopunguza, mkadai malipo kwa hizo.

mama_mchicha: Na kabla ya kuuza, otesheni mchicha kwenye kopo la mboji. Usipochipua ndani ya wiki, bado haijaiva.