Kuzunguka Unguja siku nzima na picha za macheo: pakeji ya kampuni, dereva wa kukodi au mpiga picha peke yake?

MgeniDom:
Wakuu habari zenu. Mwezi wa nane katikati mimi na waifu tunavuka kwenda Unguja, tuna mambo ya familia mjini ila siku moja nzima iko wazi na tunataka tuitumie vizuri. Tutalala Shangani. Waifu anataka picha za macheo baharini, zile za maana za kuchapisha ukutani siyo za kuweka stetasi tu, na mimi nataka tuone kisiwa, kusini mpaka kaskazini kama inawezekana.

Nimekusanya option tatu. Ya kwanza ni pakeji ya kampuni, wanakuchukua alfajiri, mpiga picha yupo ndani, halafu mtembeza wageni anaendelea na nyie mpaka jioni: macheo Paje, pomboo Kizimkazi, msitu wa Jozani, shamba la viungo, machweo Nungwi. Ya pili ni kukodi gari na dereva kwa siku, picha tunapiga wenyewe. Ya tatu ni kumlipa mpiga picha saa mbili tu za asubuhi halafu mchana tunatembea kivyetu. Walioshafanya yoyote kati ya hizo naombeni uzoefu wenu, bei nitaongea nao mwenyewe, nachotaka kujua ni ipi inaleta picha nzuri bila kuharibu siku. Nawasilisha.

LenziYaPwani:
Mkuu karibu sana. Kabla ya kuchagua nani akupeleke angalia kwanza mwanga maana huo haumsubiri mtu. Agosti jua linachomoza huku kama saa 12 na nusu asubuhi, na weupe wa kwanza unaoweza kupigia picha unaanza kama dakika 20 hivi kabla yake. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapanda wima kabisa, kwa hiyo ile rangi ya dhahabu inakaa nusu saa ikizidi sana, ukija na mazoea ya video za watu wa Ulaya ambao alfajiri yao inavutika utashangaa imeshaisha wewe bado unafungua tripodi.

Sasa piga hesabu. Uko Shangani, upande wa magharibi, jua la asubuhi baharini hulioni pale, pale ni pa machweo. Mpaka Paje, pwani ya mashariki, ni kilomita kama 50, saa nzima na zaidi kidogo. Ili saa 12 kamili uwe umesimama mchangani na fremu yako umeshaichagua inabidi mtoke mjini saa 10 na nusu. Kampuni ikikwambia itakuchukua saa 11 na robo na bado inapitia hoteli mbili kuchukua wengine, hiyo macheo utaiona barabarani, ukibahatika utaiona kwa nyuma ya minazi. Swali la kwanza kuwauliza ni hilo tu: gari ni letu peke yetu au tunachanganywa? Kundi la kuchanganywa na picha za macheo haviendi pamoja, nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Mama_Nasra:
Mimi nitawatetea kampuni maana naona watawashambulia humu. Tulienda na wazazi wangu na watoto, tukachukua gari zima na mtembeza wageni mwenye kitambulisho cha kazi yake, na kwa kweli siku ile bila yeye tusingeona nusu ya tulivyoona. Pale msikiti wa Kizimkazi Dimbani ukienda mwenyewe unaona jengo dogo la bati unapita zako, yeye alimuomba mzee wa msikiti tukaingia kwa adabu, tukaoneshwa maandishi ya Kikufi, yaani Kiarabu cha mtindo wa kale, kwenye kibla yenye tarehe ya mwaka 1107, baba yangu alisimama pale mpaka tukamsahau. Jozani nako alijua kima punju wako upande gani asubuhi ile, hatukuzunguka hovyo na mama ana miguu mibovu.

Ila picha, hapo nakubali. Aliyeletwa kama mpiga picha alikuwa kijana ana kamera nzuri lakini haraka haraka, anatupanga mstari, klik klik, twendeni. Za familia zilitoka vizuri sana. Za bahari na jua peke yake hakupiga hata moja, na hatukuwa tumeandikiana chochote kuhusu hilo. Kwa hiyo MgeniDom kama waifu anataka mandhari aseme mandhari, na muandikiane mnapewa picha ngapi, zimehaririwa au mbichi, na lini. Neno "mpiga picha yumo" peke yake halina maana.

BintiJambiani:
Naona wote mmeruka bahari yenyewe. Huku mashariki maji yakitoka yanatoka kweli, sehemu nyingine unatembea zaidi ya kilomita hujafika kwenye miamba. Mtu anakuja na picha ya Paje aliyoiona mtandaoni, maji ya kijani mpaka kwenye mchanga, anafika anakuta uwanja wa mchanga mtupu na ngalawa zimelala ubavu, ananuna. Na hiyo nayo ni picha nzuri, tena mimi naipenda zaidi, vidimbwi vinabaki na mbingu yote imo mle ndani, ila ujue unaifuata ipi.

Hesabu yake siyo ngumu. Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku maji hujaa kama saa 10 alfajiri na kupwa kabisa kama saa 4 asubuhi. Kila siku yanachelewa kwa karibu saa moja, dakika 50 hivi. Kwa hiyo ukitaka bahari imejaa wakati jua linatoka, lenga siku mbili tatu baada ya bamvua. Ukitaka mchanga na vidimbwi, lenga siku chache baada ya maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kutoka sana, yanapoanza kuongezeka tena. Siku yako ni moja na haibadiliki, sawa, basi angalia jedwali la maji ya siku hiyo halafu uchague ufukwe wa kufaa maji hayo, usifanye kinyume.

La pili, wanawake wanaolima mwani. Kila mtu anawataka kwenye picha za macheo lakini wao hawafuati jua, wanafuata maji kupwa, na kwenye bamvua hiyo ni saa 3 mpaka saa 5 asubuhi, jua limeshakuwa kali. Kilimo hiki kilianza hapa mwaka 1989 na mama yangu ni mmoja wao, naongea ninachokijua. Anasimama maji ya magotini amejiinamia anafunga vishina kwenye kamba, mgongo unamuuma, halafu anasikia klik nyuma yake mtu hata salamu hajatoa. Jamani salimieni kwanza. Shikamoo haina gharama. Ukiomba wengi wanakubali, wengine watakuonesha mpaka fundo linavyofungwa, na akikataa amekataa. Na vijijini mvae kiheshima, nguo za kuogelea ni za ufukweni kwenye hoteli.

Ushauri wangu kwa MgeniDom: usiku wa kuamkia hiyo siku mje mlale huku, Jambiani au Paje au Bwejuu. Mnaamka saa 11 na nusu mnatoka kwa miguu.

LenziYaPwani:
BintiJambiani umemaliza, hilo la kulala mashariki ndo linafuta nusu ya matatizo. Ila waambie na hili: ukilala kwenye chumba cha AC, kamera itoe nje nusu saa kabla ukiwa umeifunga ndani ya begi lake. Ukiitoa baridi ukaipeleka kwenye joto la bahari lenzi inapata ukungu papo hapo, unafuta unarudi, unafuta unarudi, na rangi inaondoka unaiangalia.

Kaskazini_Kwetu:
Kwanini wote mnampeleka Paje? Matemwe macheo yake ni matulivu, kisiwa cha Mnemba kinaonekana mbele, wavuvi wanatoka na ngalawa zao asubuhi ile, na kutoka pale mpaka Nungwi siyo mbali. Anaweza kupata macheo Matemwe, akaenda Nungwi kuona mafundi wa majahazi wanavyopiga misumari na kuziba mianya kwa pamba na mafuta, akashuka Mangapwani, akamalizia mjini. Hazunguki kisiwa chote lakini hachoki, na kila anapofika anakaa.

Hiyo ratiba ya kampuni ya Paje asubuhi, Kizimkazi, Jozani, viungo, Nungwi jioni, mimi siiwezi. Kisiwa kina kilomita kama 85 kwa urefu, kwenye ramani panaonekana padogo, barabarani kuna vijiji, watoto wa shule, ng'ombe, vituo vya polisi. Utakaa kwenye kiti cha gari zaidi ya unavyokaa chini.

Usukani_Unguja:
Mimi ni dereva, naendesha wageni kila siku, nitasema upande wangu lakini nitasema ukweli. Ile pakeji aliyoandika MgeniDom ina sehemu moja ambayo haiwezekani kabisa. Macheo Paje NA pomboo Kizimkazi. Mashua za Kizimkazi zinataka kutoka asubuhi na mapema bahari ikiwa imetulia, na mwezi wa nane ni msimu wa upepo wa kusi, ukishaamka bahari inachafuka. Ukipiga picha zako Paje mpaka saa 1 na nusu, ukanywa chai, ukafika Kizimkazi saa 3, utapanda mashua ya mawimbi, na pomboo kama wapo wameshazungukwa na mashua kumi zinawafukuza. Binafsi wageni wangu nawaambia waache, wale wanyama wanasumbuliwa. Chagueni macheo AU pomboo.

Option ya pili, dereva wa kukodi, uzuri wake ni kwamba gari linasimama unapotaka. Waifu akisema simama hapa nimeona kitu, tunasimama. Ubaya wake, dereva siyo mtembeza wageni, mimi nitakwambia ninayoyajua lakini ndani ya Jozani utapewa muongozaji wa pale pale, na shambani kwenye viungo Kizimbani au Kidichi vilevile, kwa hiyo maelezo hukosi. Kubalianeni mapema mafuta ni ya nani, saa ngapi mpaka saa ngapi, na dereva aliyeamka saa 9 usiku usimtarajie awe mzima saa 2 usiku. Ni usalama wenu.

Mama_Nasra:
Usukani hapo kwenye uchovu asante, watu hawaliwazi. Wazazi wangu walisinzia njia nzima ya kurudi na nilikuwa namwangalia dereva kwenye kioo.

MgeniDom:
Dah nashukuru wakuu, mmenifungua macho. Pomboo tumewatoa. Waifu kasoma yote anasema kulala Jambiani amekubali. Ila bado namtaka mpiga picha au tupige wenyewe? Tuna kamera moja ya lenzi ya kubadilisha na simu nzuri, tripodi ipo. Na je mawingu yakifunga? Na kama tuko kusini machweo tunayapata wapi, maana Nungwi naona imeshakuwa mbali.

LenziYaPwani:
Kwa mandhari pigeni wenyewe, mkuu, kwa moyo mmoja nakwambia. Mpiga picha mlipe kama mnataka nyinyi wawili muwe ndani ya picha, hapo tripodi na taima havimfikii mtu anayejua kupanga watu na mwanga, na option yako ya tatu ndo inafaa, saa moja au mbili asubuhi basi.

Kwa kamera: ISO 100, tundu f/8 mpaka f/11, piga RAW, yaani faili mbichi la kuhariri baadaye, na kila fremu piga tatu, moja ya kawaida, moja nyeusi zaidi, moja nyeupe zaidi, ili mbingu na mchanga vyote vipatikane baadaye. Kwa simu gusa sehemu ya mbingu karibu na jua, shikilia mpaka ijifunge, halafu shusha mwanga kidogo. Usipige jua tupu na maji matupu, tafuta kitu cha mbele: ngalawa, nanga, mstari wa vigingi vya mwani, mtu anayepita. Mwezi wa nane jua linatokea kaskazini kidogo ya mashariki, Disemba linahamia kusini, kwa hiyo picha ya mtandaoni ya Disemba usitarajie jua likae pale pale nyuma ya ule mwamba.

Mawingu kwenye upeo ni kawaida huku. Yakiwa mepesi ndo mazuri zaidi. Rangi kali mara nyingi inakuja kabla jua halijaonekana, na watu wanakata tamaa mapema wanaondoka, wewe baki robo saa zaidi, likitoka juu ya wingu miale inashuka kwenye maji. Yakifunga kabisa, piga vivuli laini, nyuso, mikono, mbao za ngalawa, mwanga huo kwa watu ni mzuri kuliko wa jua. Droni bila kibali usijaribu.

BintiJambiani:
Machweo nendeni Michamvi. Ile rasi ina pande mbili, Pingwe inatazama mashariki, na Kae inatazama magharibi kwenye ghuba ya Chwaka, jua linazama upande wa mikoko. Kutoka Jambiani ni safari fupi tu. Mnaweza hata kufanya macheo Pingwe na machweo Kae siku hiyohiyo.

Kaskazini_Kwetu:
Michamvi Kae nakubali, pazuri. Ila MgeniDom siku nyingine uje na huku.

MgeniDom:
Basi iwe hivi: tunalala Jambiani, macheo pale pale kwa miguu, mpiga picha saa moja tu kwa ajili yetu sisi wawili, chai, halafu dereva anatuchukua saa 3. Kizimkazi Dimbani msikitini, Jozani, na machweo Kae. Nimeangalia jedwali, siku yetu inaangukia siku mbili baada ya mwezi mpevu kwa hiyo kwa hesabu ya BintiJambiani tutakuta maji yamejaa. Viungo tunaacha. Usukani, hiyo inakaa vizuri kwa dereva?

Usukani_Unguja:
Inakaa vizuri kabisa. Geuza kitu kimoja: Jozani ianze, saa 3 na nusu muwe mlangoni, kima asubuhi wanachangamka na kula, mchana wa joto wanalala juu huko. Halafu Kizimkazi baada ya adhuhuri, msisimame mlangoni watu wanaswali, subirini watoke muombe kuingia. Waifu abebe mtandio. Kae muwe mmefika saa 11 jioni, jua linazama kama saa 12 na dakika 20 na kitu. Na kwa kuwa siku yenu ni siku mbili baada ya mwezi mpevu, maji saa 12 asubuhi yatakuwa juu lakini yanaanza kuondoka muda siyo mrefu, kwa hiyo mpiga picha mwambieni aanze na za bahari, za nyinyi wawili zifuate.